Maboksi ya Sabufa Tuliyoyapima kwa Debe

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kwenye karakana ya Korogwe nikiwa na mkasi, futi ya kitambaa na kiburi cha mshonaji. Nilikuwa nimeshona viti vya magari kwa miaka kadhaa, nikaamini kwamba kubandika kapeti juu ya boksi la spika ni kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa. Fundi Mkuu, mwanamume mrefu aliyejaa vumbi la mbao hadi kwenye kope, aliitikia shikamoo yangu bila kuinua uso. Kisha akanionyesha boksi lililokuwa sakafuni.

"Panda," akasema.

"Nipande wapi, Fundi?"

"Juu ya boksi. Usivue viatu."

Nilipanda. Nilikuwa mwembamba siku hizo. Msicheke, picha zipo. Yeye akalizunguka akigonga kila upande kwa kifundo cha kidole huku ametega sikio. Kisha naye akapanda, tukasimama wawili juu ya sanduku moja kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Boksi halikutoa hata mlio. Aliposhuka akaniambia sasa ninaweza kubandika kapeti. Kapeti hufunika kila kitu, akasema, na yeye hakutaka lifunike jambo asilolijua.

Ndivyo ulivyokuwa utaratibu wa karakana ile. Hakuna boksi lililotoka mlangoni bila kupandwa. Wateja wenye miili mikubwa tuliwapenda sana, maana walitusaidia kazi.

Kwa msioijua kazi hii, sabufa ni ile spika kubwa ya besi inayowekwa nyuma ya gari, ambayo unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Ikiwa peke yake haina maana. Ukiipigia muziki bila boksi inapepea tu kama mdomo wa mzee asiye na meno. Hewa iliyofungwa nyuma yake ndani ya boksi ndiyo inayoishika. Hewa ikiwa kidogo mno, besi inakuwa kavu na fupi. Ikizidi, hakuna tena cha kuishika spika: karatasi yake inaruka kupita kiasi, koili yake ya waya inagonga nyuma, na siku moja inachanika. Kwa hiyo boksi imara lina mambo mawili. Kwanza lisivuje wala lisitetemeke, na pili ujazo wake uwe sawasawa. Hili la pili ndilo lililonitia taabuni, na nitalifikia.

Nilikaa kwenye kapeti miezi michache tu. Siku moja Fundi Mkuu alinikuta nikisahihisha kona ya boksi kwa msasa kabla ya kubandika, akanitazama kwa muda, akanipa msumeno. Hakusema kitu. Mimi ndiye niliyesema, maana sijawahi kujua kunyamaza wakati wa furaha. Nilisema mpaka akaniomba nikate mbao kwanza.

Baba yake Fundi Mkuu alitoka mbali kuja kukata mkonge, na yeye mwenyewe aliuanza useremala kwenye kiwanda cha mkonge, akitengeneza milango na meza za ofisi. Alipoanza kazi ya muziki wa magari alikuja na ukali wa kiwandani. Alifundisha kwa maneno machache, na ukikosea alikurudishia mbao zako bila kukuambia kosa liko wapi. Ukalitafute mwenyewe.

Wateja wengi walitaka mninga, wakiamini kwamba mbao inayofaa kwa mlango inafaa kwa kila kitu. Fundi Mkuu aliwakatalia. Gari likisimama juani mchana kutwa, alisema, mninga unajikunja na kujikunjua, na viungo vinaachia. Sisi tulitumia MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, mzito kama jiwe na usio na nyuzi za kupasuka. Uliletwa kutoka Tanga juu ya basi. Kwenye viungo tulipaka gundi nyeupe, kisha skrubu moja kila baada ya upana wa kiganja. Ndani tuliweka mbavu, vipande vya mbao vinavyounganisha ubavu mmoja na mwingine ili boksi lisivimbe na kunywea besi inapopiga. Nyufa tulizijaza unga wa msumeno uliokorogwa na gundi, halafu tukapitisha silikoni.

Kisha tulijaribu kwa udi. Fundi Mkuu aliwasha kijiti cha udi, mtu akabonyeza karatasi ya spika polepole kwa viganja, na yeye akapitisha moshi kwenye kila kiungo. Pale ambapo moshi uliyumba palikuwa na tundu. Karakana yetu ilinukia kama nyumba ya bibi harusi, na wapita njia walituuliza kama tunaoza mtu. Harufu ya udi na gundi mbichi ikichanganyika, mpaka leo nikiipata popote moyo wangu unarudi Korogwe.

Sasa nije kwenye ujazo. Boksi la pembe nne unalipima kwa futi, unazidisha, basi. Lakini magari hayana nafasi za pembe nne. Boksi hulazwa mgongo ufuate kiti, hukatwa kona likwepe tairi, na likishakatwa hivyo hesabu yake inaumiza kichwa. Fundi Mkuu aliimaliza kwa debe. Alilijaza boksi mahindi makavu kupitia tundu la spika, akayamimina tena kwenye debe moja moja, yakisawazishwa kwa rula. Debe ni lita ishirini. Spika ya inchi kumi na mbili kwenye boksi lililofungwa ilitaka debe moja na nusu. Boksi la bomba, lile lenye tundu la kupumulia, lilitaka karibu debe tatu. Likizidi, aligundisha vipande vya mbao ndani mpaka lirudi kwenye kipimo. Debe lake lilikuwa la mafuta ya kula, limenyooka pande zote, na hakuruhusu mtu achotee maji humo.

Miaka ile ilikuwa mizuri. Nasema hivyo bila haya. Mume wangu alikuwa ameshafariki na nilikuwa na watoto wawili, Rehema na mdogo wake, lakini asubuhi nilikwenda kazini mbio. Ilikuwa raha kumwona dereva anawasha muziki wake kwa mara ya kwanza, kioo cha nyuma kinatetemeka, na uso wake mzima unafunguka.

Kituo changu cha pili kilikuwa Handeni. Mtu mmoja wa huko alikuwa na karakana ya magari, akataka fundi wa maboksi. Nitamwita Mwenye Karakana, kama tulivyomwita wote. Fundi Mkuu alinipandisha basi, akaja naye, akanikabidhi mbele ya mafundi wa kule. Walitazamana. Mmoja aliuliza kama mama huyu amekuja kupika.

"Nimewaletea fundi," Fundi Mkuu alisema. "Akikosea, nimekosea mimi."

Maneno hayo niliyabeba kama mtu aliyebebeshwa yai. Kama ningeharibu kazi, jina lake lingeharibika pamoja na langu, na mimi na wanangu tungerudi kwenye cherehani.

Mwenye Karakana hakuwa mtu mbaya wa kumtambua usoni. Alikuwa mcheshi, alijua majina ya watoto wetu, na sikukuu ya Idi hakuna aliyetoka pale bila nyama. Biashara yake kubwa ilikuwa kununua mahindi. Nusu ya jengo ilikuwa karakana na nusu ilikuwa stoo, na wakati wa mavuno wakulima walipanga magunia yao mpaka kwenye mlango wetu. Kwa kuwa debe la Fundi Mkuu lilibaki Korogwe, nilipohitaji kupima boksi niliazima debe la stoo, na mahindi ya stoo pia. Nilishukuru kuvipata hapo hapo, mahindi na kipimo chake.

Nililiona kwamba limefura kidogo. Niliona, siwezi kusema sikuona. Nilidhani ni uzee wa debe, kama tunavyofura sisi wengine.

Maboksi yangu ya kwanza Handeni yalikuwa mazuri mno kwa macho. Yalipandwa na watu watatu, moshi wa udi haukuyumba. Lakini besi ilipwaya, haikuwa na ngumi. Baada ya wiki chache spika ya kwanza ilirudi imechanika. Nikasema ni spika hafifu. Ya pili ikarudi, nikasema dereva anafungulia sauti kupita kiasi. Ya tatu ilikuwa ya Dulla, kijana aliyeendesha Noah ya abiria kati ya Handeni na Korogwe, na Dulla hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Mama Rehema, hii ni ya tatu inapasuka kwako. Ya Korogwe nilikaa nayo miaka miwili, iko freshi tu."

"Labda unaipiga sana, baba."

"Si ndiyo kazi yake? Nimeinunua niipapase?"

Mafundi walicheka. Yule aliyeuliza kama nimekuja kupika alicheka kuliko wote. Nilikwenda nyuma ya jengo nikalia, kisha nikarudi nikalifungua boksi lile lote, ubao kwa ubao. Sikuona kosa.

Dulla alilipeleka tatizo Korogwe mwenyewe. Siku tatu baadaye Fundi Mkuu alishuka kwenye basi akiwa amepakata debe lake mapajani, na abiria wenzake walikuwa bado wanamtania mpaka anaondoka stendi. Hakuuliza habari za spika. Aliniambia nilete debe ninalopimia, nilijaze mahindi, nisawazishe kwa rula. Kisha akamimina ndani ya lake.

Lake lilijaa. Langu likawa bado lina mahindi ya kutosha kupikia watu sita. Akaendelea kumimina, nayo yakamwagika sakafuni, yakatawanyika mpaka chini ya benchi. Akaligeuza debe la stoo akatia mkono ndani. Akauchukua mkono wangu akautia humo pia. Nilihisi mabonde ya nyundo pande zote nne. Lilikuwa limegongwa kutoka ndani, kwa uangalifu, mpaka likafura kila upande.

"Debe hili la nani?"

"La Mwenye Karakana. La kununulia mahindi."

Fundi Mkuu alitazama mlango wa stoo, palipokuwa na magunia.

"Boksi lako halikuwa na kosa la mkono," alisema. "Lina hewa ya wizi. Hili debe langu nakuachia. Mengine ni ya kusema wewe, kwa sababu wewe ndiye unayeishi hapa."

Akapanda basi la kurudi. Nilikaa na madebe mawili mbele yangu, nikijua nini kilichokuwa kinanisubiri. Kusafisha jina langu kulitaka sentensi moja tu: debe ni la uongo. Lakini sentensi hiyo hiyo ingemfikia kila mkulima aliyekuwa amepanga foleni nje, na mmoja wao alikuwa mjomba wangu wa Kang'ata, kaka wa mama yangu, aliyenisaidia kuwalea wanangu baba yao alipofariki.

Mwenye Karakana alikuja mwenyewe adhuhuri ile. Alikuwa ameshaambiwa. Hakufoka.

"Mama Rehema, wewe ni fundi mzuri. Kuanzia leo pimia debe la mzee wako. Wateja waambie mbao zilikuwa mbichi. Nitawanunulia spika nyingine wote watatu."

"Na hili debe lingine, bosi?"

"Hilo ni la stoo. Stoo haikuhusu." Akatabasamu. "Watoto wanaendeleaje na shule?"

Nilisema wanaendelea vizuri.

Dulla alipokuja nilimwambia mbao zilikuwa mbichi. Akanikodolea macho.

"Mama, MDF ina ubichi gani? Si unga ule?"

"Basi gundi. Gundi haikukauka."

Hakuniamini, lakini alichukua spika mpya, na boksi nililokuwa nimelipima upya kwa debe la Fundi Mkuu, akaondoka. Mjini wakasema yule mama hajui kusubiri gundi. Maboksi yangu yaliyofuata yalipiga vizuri, besi ikawa na ngumi, wateja wakarudi. Kosa la gundi nilibandikwa kwa miaka, nami nikajiambia hiyo ndiyo adhabu yangu na inatosha.

Haikutosha, kwa sababu ulikuwa msimu wa mavuno. Mjomba alileta mahindi yake mara tatu mwaka ule, kwenye pikipiki ya kukodi, gunia moja mbele na moja nyuma. Kila alipokuja nilitoka kumwamkia. Wapimaji walipopungua, mimi mwenyewe nilishika mdomo wa gunia wakati debe la stoo likimiminwa ndani. Mikono hii iliyofundishwa kutafuta tundu kwa moshi wa udi ilishika gunia lile.

Mara ya tatu aliniambia jambo.

"Mwanangu, nyumbani nahesabu madebe kumi. Hapa yanakuwa nane na kitu. Kila safari ni hivyo hivyo."

"Labda yanamwagika njiani, mjomba."

"Nimefunga magunia mimi mwenyewe. Ni mke wangu. Anachota anauza kwa majirani nikiwa shamba. Mwanaidi ananiibia."

Bi Mwanaidi, mke wa mjomba, ndiye aliyeninyonyeshea Rehema nilipougua baada ya kujifungua. Nilimjua vizuri kuliko nilivyomjua mtu yeyote Kang'ata. Nilisema, "Hapana, mjomba, si yeye." Akaniuliza, "Basi ni nani?" Nikainama kuokota mahindi yaliyomwagika. Madebe yote mawili yalikuwa hatua chache kutoka tuliposimama.

Kabla ya mvua za vuli nikasikia Bi Mwanaidi amerudi kwao. Mjomba hakumpa talaka, lakini hakumfuata.

Sitawaambia nilikuwa silali, maana nililala. Kazi ilikuwa nyingi, watoto walikuwa shule, na mtu huzoea. Hilo ndilo linalonitia aibu zaidi nikilikumbuka.

Msimu uliofuata mjomba alikuja tena, amepungua, shati halina kifungo. Foleni ilikuwa ndefu. Alikaa kwenye benchi langu akisubiri, akaona debe la Fundi Mkuu limejaa mahindi niliyotoka kupimia boksi.

"Si unipimie na hili lako?" akasema. "Debe si debe tu? Nichoke bure juani?"

Wakulima wawili watatu walicheka, wakaunga mkono, wakisema mpimie mzee wa watu. Mpimaji wa stoo alinitazama. Nilikuwa na sababu zote za kukataa na nilizijua moja moja. Nikalivuta gunia lake, nikaanza kumimina.

Gunia la kwanza lilitoa madebe matano kamili, na la pili matano. Mjomba alisimama. Akahesabu tena kwa midomo. Akaniomba nirudie, nikarudia, watu wakiwa wametuzunguka sasa. Kisha mkulima mmoja mwanamke, ambaye sikumjua, akaenda moja kwa moja kuchukua debe la stoo, akalileta, akaliweka kando ya langu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kitu. Yakiwa pamoja, hata mtoto angeona.

Kelele zilizofuata sitazisimulia. Mwenye Karakana alifika, akanitazama kwa huzuni ya kweli, akasema nichukue zana zangu. Wakulima walibeba magunia yao wakaenda kwingine. Mjomba alinisaidia kubeba sanduku la zana mpaka stendi. Tulipoliweka chini akanigeukia.

"Ulijua tangu lini?"

"Leo, mjomba," nikasema. "Nimejua leo, kama wewe."

Akanishika kichwa kwa mikono miwili akaniombea dua, pale pale watu wakipita. Jioni ile ile alikwenda kwa wakweze kumrudisha mkewe.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Mkata, barabarani, kwenye kibanda changu mwenyewe. Fundi Mkuu alinikopesha msumeno na akaniambia debe nilihesabu ni langu. Huko nilitengeneza maboksi ya mabasi, na basi ni mwalimu mwingine. Vumbi linaingia popote, na barabara inalegeza kila skrubu. Nilijifunza kufunga boksi kwenye sakafu ya gari kwa bolti na nati, kwa sababu boksi zito likiachwa huru, breki kali moja inalirusha kama jiwe. Wateja walinung'unika, walitaka maboksi ya kutoa ili wapakie mihogo, au wayapeleke harusini Ijumaa. Nilikataa. Lakini nikawawekea nati za masikio, zinazofunguliwa haraka kwa vidole, wakaridhika.

Palikuwa na vichekesho pia. Wakati mmoja nilijaza sufi ndani ya boksi la bomba, maana sufi inalainisha besi, nayo huku kwetu inaokotwa tu chini ya miti. Baada ya mwezi kondakta akaja akasema sabufa inalia peke yake hata ikizimwa. Tulipofungua tukamkuta panya na wanawe saba, amepanda kupitia bombani, amejitandikia sufi yangu. Kondakta alitaka kujua kama dhamana yangu inahusu panya. Tangu siku hiyo sikutoa boksi la bomba bila wavu wa waya mdomoni.

Dulla naye alinifuata Mkata. Alisikia habari za debe kama kila mtu, akaja akiwa na boksi la zamani mkononi. "Kumbe gundi ilikuwa imekauka," alisema, akacheka mpaka akakaa chini. Akawa mteja wangu mpaka nilipostaafu.

Fundi Mkuu alifariki kabla sijafunga kibanda. Nilikwenda kuzika Korogwe. Wanafunzi wake tulikuwa wengi kuliko nilivyodhani, nasi tulisimama pamoja tukinuka gundi.

Sasa naishi Mkumbara. Viganja vimekuwa vigumu, na sauti nyembamba zinanipita, ingawa besi bado naisikia, namshukuru Mungu. Vijana hunitembelea. Wanapima ujazo kwa simu, wanaandika urefu na upana, jibu linatoka. Sina ugomvi na simu. Nawaambia tu wapande juu ya boksi kabla ya kubandika kapeti, na wengine wanapanda kunifurahisha. Nikisikia gari linapita barabarani na besi inapwaya, bado nasema kwa sauti, "Hewa imezidi hiyo," hata kama niko peke yangu.

Mjomba alifariki akiamini jibu nililompa stendi. Bi Mwanaidi ninaishi naye tangu alipobaki mjane. Ana umri mkubwa, macho hayasomi tena. Nilipomaliza kuandika haya sikutaka myasome ninyi kabla yake, kwa hiyo nilimsomea asubuhi moja uani, akichambua maharage. Nilipofika kwenye gunia nililolishika na maneno mjomba aliyoyasema, niliacha kusoma. Aliniambia niendelee. Nikaendelea mpaka lile jibu langu la uongo, na baada ya hapo sikuthubutu kumtazama.

Aliendelea kuchambua kwa muda.

"Kwa hiyo mwaka ule tulikuwa wawili tuliojua kwamba sikuiba," alisema.

"Ndiyo, Bi Mwanaidi."

"Na mimi kule kwetu nilidhani niko peke yangu."